Wanawake Kumi na Mmoja Walioacha Darasa

Mimi fomu sizipendi, nianze na hilo tusije tukadanganyana. Miaka tisa nimefundisha kina mama kusoma katika chumba cha juu pale Mengo, juu ya duka la vitambaa la ndugu yangu Mahmoud, na sikuwahi kuhitaji karatasi ya kuniambia nani anajua na nani hajui. Namtazama mtu anapofungua kitabu. Macho yakikimbia, hajui. Yakitulia, anajua. Hiyo ndiyo tathmini yangu, na haijamaliza wino wa mtu.

Lakini Mahmoud ndiye mkurugenzi wa shirika letu, shirika lenyewe dogo la kutia mfukoni, na tangu utotoni hawezi kumkatalia mgeni. Wafadhili walipomwambia aajiri mtu wa ufuatiliaji na tathmini, akasema naam, haraka sana, karibuni. Ndipo akaja Okidi. Mtoto wa askari polisi, miaka yake thelathini na kitu, mpole wa kukera, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Wiki ya kwanza alisoma madaftari yetu yote ya mahudhurio. Wiki ya pili akaniuliza swali ambalo nalichukia mpaka leo.

"Mwalimu Firdaus, mwaka jana mlianza na kina mama ishirini na sita. Wamemaliza kumi na watano. Hawa kumi na mmoja wako wapi?"

"Wameacha."

"Kwa nini?"

"Wanaacha tu, Okidi. Ni watu wazima hao. Huyu mume hataki, huyu kahama, huyu mvivu."

"Nani aliwauliza?"

Hakuna aliyewauliza. Kila mwaka Mahmoud aliandika kwenye ripoti "sababu za kifamilia", maneno ya kufunika lolote, na mimi nikatia sahihi chini yake.

"Ukiwauliza waliobaki watakusifu," Okidi akasema, taratibu, kama anayemtuliza ng'ombe. "Aliyebaki amekwisha kukuridhia. Cha kutusaidia kurekebisha darasa anacho aliyetoka."

"Kuku akitoka bandani, wewe unamfuata kumwuliza kisa?"

"Kama kila mwaka wanatoka kumi na mmoja, Mwalimu, ningelitazama banda."

Mahmoud alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuiona orodha iliyokuwa mkononi mwa Okidi, na jina la tisa lilikuwa Abalo.

Niseme wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka: Abalo nilikuwa namkumbuka mpaka chakula kinanikwama. Miezi minane alikuwa hajatia mguu kwangu. Sikuwahi kuwa na rafiki kama yule. Yeye Muacholi, mjane wa polisi, amelelewa na kuolewa katika kambi ya askari. Mimi mjukuu wa watu wa pwani, wale waliokuja Buganda na biashara na msahafu wakasahau kurudi. Kilichotukutanisha ni Kiswahili. Chake kilikuwa cha kambini, kisichojua ngeli wala hakitaki kuzijua, na mimi, ninayesahihisha mpaka matangazo ya redio, chake nilikiacha kama kilivyo. Yeye aliniita dada. Mimi nilimwita Mama Atoo, kwa jina la binti yake.

Atoo ndiye aliyemleta kwangu. Alikwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, huu mwaka wa nne sasa. Bibi wa nyumba ile hataki kusikia lugha asiyoijua ikisemwa ndani mwake, kwa hiyo kupiga simu hakuna, kurekodi sauti hakuna. Atoo aliandika. Na mama yake hakujua kusoma. Basi kila Jumatano baada ya sala ya alasiri Abalo alipanda kutoka Katwe na simu yake na kikopo cha odii, siagi ya karanga na ufuta, aliyoitwanga mwenyewe, mimi nikatia tangawizi kwenye chai, nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Nikimaliza, anasema, "Rudia hapo kwa kusalimia." Narudia. Jumatano zile ndizo zilizokuwa zikinibeba wiki nzima.

Sasa sikiliza jinsi nilivyomsomea. Babu yangu alikuwa maalimu, na enzi zake wake wa askari walimletea barua awasomee. Alikuwa na kanuni yake: msomaji hupunguza makali. Kama barua inasema mtu amevunjika mguu, soma kwamba aliteleza. Mengine atayajua taratibu, moyo ukiwa umejiandaa. Nyumbani kwetu hiyo iliitwa adabu. Nilikua nikiiona, nikaifuata bila kujiuliza.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, Abalo akaja akiwa ametoka kulazwa kwa presha. Daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Akanipa simu. Atoo alikuwa ameandika: *Mama, huku nimechoka. Mkataba unaisha mwezi ujao. Wananiambia niongeze miaka miwili. Ukisema nirudi, narudi. Sema tu.*

Nikamtazama yule mwanamke, macho yamevimba, bendeji bado iko mkononi walipomchoma sindano. Nikasoma: "Mama, huku mzima. Mkataba unaisha mwezi ujao. Wananiomba niongeze miaka miwili. Unasemaje?"

Abalo akatabasamu. "Mwambie, kama yeye ni mzima na watu ni wazuri, aongeze. Asihofu mimi."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Kuandika nilikuwa mwaminifu. Nilijiambia wiki ijayo, presha ikishuka, nitamweleza. Wiki iliyofuata Atoo alikuwa amekwisha kutia sahihi, nikaona hakuna faida tena. Mwezi wa kumi Abalo akajiandikisha darasani kwangu. "Miaka mbili ni mrefu, dada," akasema. "Nataka nimsikie mtoto wangu bila mdomo ya mtu hapo katikati." Nilimpa daftari na kalamu, nikijua atakachokuja kukisoma.

Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Mwezi wa sita akaacha kuja. Hakuaga, hakutuma mtu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi miezi minane niliyafumba ya kwangu na kujiambia labda ni mguu, labda ni biashara, labda mvua.

Basi Okidi akanifundisha kuhoji. Maswali sita, kalamu moja, na amri moja: "Usimsaidie kujibu. Uliza, kisha nyamaza."

Mimi, ninyamaze. Nilianza na Lamwaka, ambaye mtoto wake ana kifafa. Aliniambia aliacha mwezi wa tano. Nikaandika: shughuli za kumlea mgonjwa. Okidi akaichukua fomu, akaisoma, na kesho yake akampigia Lamwaka simu kuhakiki. Ndiyo kazi yao, kumi wakihojiwa wawili hurudiwa. Akarudi kwangu na karatasi.

"Mwalimu, haya ni maneno yake au yako?"

"Yake. Nimeyanyoosha tu."

"Mimi ameniambia alikuja ajue kusoma maandishi ya chupa za dawa. Akajua. Akaona kazi imekwisha, akaenda. Na kwamba ulimsahihisha mbele ya watu akasikia haya."

"Hayo nayo ni ya kuandika?"

"Hayo ndiyo yenyewe," akasema Okidi. "Ukinyoosha, mimi naona mkono wako tu, yeye simwoni."

Nilikasirika siku mbili. Nilimwita majina ambayo babu yangu asingependa kuyasikia. Halafu nikarudi kwa Lamwaka, nikauliza, nikafunga mdomo, nikaandika alichosema, hata lile la kuona haya. Kalamu ilikuwa nzito.

Tukaendelea. Ajabu ni kwamba hawakuwa wameshindwa. Sita kati ya kumi na mmoja waliacha kwa sababu walipata walichokifuata. Mmoja alitaka kusoma majina ya mitaa, mwingine kadi ya kliniki. Mke wa Sebit, fundi wa majiko, alitaka kuandika jina lake kwenye cheti cha ndoa badala ya kuweka dole gumba. Aliliandika, akashukuru, akarudi kwenye shughuli zake. Sisi tukamhesabu kama aliyepotea. Watatu saa zetu ziliwagonga, maana tunafundisha asubuhi na soko ni asubuhi. Mmoja alihamia Gulu. Jumla kumi.

Okidi hakunisukuma. Aliiweka ile fomu ya mwisho juu ya meza, ikiwa na jina la Abalo, akaenda zake. Ilikaa pale siku nne. Siku ya tano nikavaa buibui langu, nikashuka Katwe kwa miguu.

Alikuwa kwenye kibanda chake nyuma ya karakana za vyuma, anasonga posho, ugali wa mafundi. Kelele za nyundo pale ni kubwa. Amekonda. Amefunga kitambaa cha kijani ambacho nilimpa mimi Iddi ya mwaka juzi, na nilifurahi kukiona kama mjinga.

"Mwalimu, karibu," akasema. "Kaa hapo kwa benchi."

Mwalimu. Hakusema dada. Nikakaa.

"Nimekuja na maswali ya ofisi, Mama Atoo. Ukipenda kujibu."

"Uliza."

"Ulikuja darasani kwa ajili ya kusoma nini?"

"Meseji ya mtoto wangu."

"Sasa unaweza kuzisoma?"

"Naweza."

"Kwa nini uliacha?"

Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Abalo alimalizia kusonga, akafunika sufuria, akajifuta mikono. Akatoa simu kifuani, akazipandisha meseji juu, juu, mpaka za mwaka juzi. Kisha akasoma. Alisoma kama wanavyosoma wanafunzi wangu, kidole kwenye kioo, silabi baada ya silabi.

"Ma-ma. Hu-ku. Ni-me-cho-ka." Akaniangalia. "Hapa wewe ulisoma namna gani?"

"Nilisoma kwamba ni mzima."

"U-ki-se-ma. Ni-ru-di. Na-ru-di." Kidole kikatulia. "Na hapa?"

"Hapo sikusoma."

Akaiweka simu mapajani. Hakuinua sauti. Ningefurahi kama angeinua.

"Mtoto wangu aliomba mimi neno moja tu," akasema. "Moja. Miezi hii yote yeye anajua mama yake alisikia hii kitu yote, halafu akamwambia, kaa huko. Mimi. Nilimwambia kaa huko."

"Ulikuwa umetoka kulazwa. Daktari alisema—"

"Presha ilikuwa yangu, mwalimu. Hata kuumwa ilikuwa yangu. Mtoto ni wangu. Wewe ulichukua yote ukaweka kwako."

Machozi yalinitoka pale kwenye benchi mbele ya mafundi wanaosubiri chakula, na sikuyafuta.

"Umemwandikia?" nikauliza.

"Siku tatu niliandika. Nikamwambia sikujua. Yeye akajibu, mama, usilie, huku kumekuwa kuzuri, nimebakiza kidogo." Alifunika simu kwa kiganja. "Lakini sasa mimi sijui. Sijui kama huko ni kuzuri kweli, ama na yeye ananipunguzia kama wewe. Najua kusoma, na bado sijui. Nakaa hapa nasonga posho, namtaka mtoto wangu mpaka mwili inauma."

Fundi mmoja akagonga sahani. Abalo akainuka kumpakulia. Nilingoja kidogo, halafu nikaelewa kuwa mahojiano yamekwisha.

Fomu niliirudisha Mengo bila jibu la swali la tatu. Mahmoud aliponiona alijua, akafunga mlango wa ofisi. Nikamweleza yote, na Okidi yupo.

"Andika sababu za kifamilia," Mahmoud akasema. "Dada yangu, hebu tazama. Wafadhili wakisoma kwamba mwalimu mkuu anawaficha wanafunzi maneno ya watoto wao, nani atatuamini? Na tena si uongo. Ni mambo ya familia."

Nikamtazama Okidi anisaidie. Hakufungua mdomo. Aliuliza swali lake wiki zile zote, sasa alikuwa ananyamaza, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko maneno. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimsikia bibi yangu akilisema hilo mara ngapi, na sikuwahi kudhani linanihusu.

Nikachukua kalamu. Nikaandika: *Mwalimu alimsomea ujumbe wa mtoto wake na akaficha maneno. Mwanafunzi alipojua kusoma aligundua.* Nikatia jina langu.

Shirika halikufa. Mahmoud hakulala vizuri mwezi mzima, lakini wafadhili walijibu kwamba ni ripoti ya kwanza kutoka kwetu waliyoisoma mpaka mwisho. Sasa tuna zamu ya jioni kwa wenye soko. Siku ya kwanza kila mama anaulizwa, umekuja kusoma nini, na jibu lake linaandikwa kwa maneno yake. Akikipata tunamhesabu amemaliza, hata kama ni jina lake tu. Na yeyote anayemsomea mama ujumbe anasoma kilichoandikwa, chote, akiwa amekaa karibu naye. Mikono yake aishike, lakini maneno asiyaguse. Hiyo kanuni ya mwisho niliileta mimi, na babu yangu anisamehe.

Kabla ripoti haijatumwa, Okidi alikuwa ameongeza moja: kila aliyehojiwa arudishiwe fomu yake aisome kabla haijaingia kwenye ripoti. Wengine kumi aliwapelekea yeye. Ya Abalo niliipeleka mimi.

Safari hii nilifika chakula kikiwa kimekwisha. Alikuwa anaosha masufuria. Akajifuta, akaipokea karatasi, akaisoma yote kwa kidole, taratibu, nami nimesimama mbele yake kama mshitakiwa. Nilimpenda pale kuliko siku zote, anavyokunja uso kwenye neno refu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuukunja hivyo.

"Hapa umeandika 'maneno'," akasema. "Ni maneno gani?"

"Nilidhani inatosha."

"Haitoshi. Andika."

Nikachuchumaa, nikaiweka karatasi juu ya goti, nikaandika kama yalivyo: *Ukisema nirudi, narudi. Sema tu.* Akaisoma tena. Akachukua kalamu, akaandika jina lake chini, herufi moja moja, zimesimama vizuri.

Nikaona kwamba sasa atanirudishia karatasi na nitaondoka, na sitakuwa na sababu nyingine ya kuja. Basi nikasema. Niliyoyaweka miezi yote ile yakatoka bila mpango.

"Mama Atoo, nimekukumbuka. Jumatano natia maji ya chai ya watu wawili, halafu namwaga. Sikuja kwa ajili ya ofisi, ofisi ilinisukuma tu. Nisamehe. Kama hutaki kusoma kwangu, usisome. Njoo tu ukae."

Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka, na nilimwona jinsi anavyonikumbuka na yeye, kwa maana ukimjua mtu hilo haliwezi kujificha.

"Mimi pia Jumatano ni mbaya," akasema. "Lakini hiyo samahani haiko kwangu, dada."

Dada. Nikashika ukingo wa benchi.

"Ile neno ilikuwa ya Atoo. Wewe hukunificha mimi peke yake, ulimfunga yeye mdomo. Anarudi mwezi ya tisa. Akishuka ndege Entebbe, akila, akilala, mimi nitamwambia yote, wewe ukiwa hapo umekaa. Akisema amesamehe, nitapanda Mengo jioni hiyo hiyo. Akikataa, mimi siwezi kumpita mtoto wangu."

"Nitakuja," nikasema.

"Na asipokuja mwezi ya tisa," akasema Abalo, "basi na wewe utajua vile inakuwa kungoja."

Alinipa karatasi. Nilipanda Mengo nimeishika mkononi. Sasa imebaki miezi mitano. Yeye anamngoja mtoto wake, na mimi namngoja mtoto huyo huyo, msichana ambaye sijapata kumwona kwa macho, aje kuniambia kama bado nina rafiki.